Kupakia Faili Peke Yake Hakutoshi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotugawanya sisi wanachama wa chama cha kompyuta tangu siku ya wageni. Najua ya kuwa wasomaji wengi si wanachama, na wengine wakiona neno "kompyuta" hufunua upesi kutafuta ukurasa wa mpira. Nawasihi wangoje kidogo. Jambo lenyewe si gumu, na waliokuwapo siku ile waliiona aibu yetu kwa macho yao.

Kwanza nikiri. Ile programu ya vitabu vya maktaba iliyogoma mbele ya wazazi iligoma kwa kosa langu. Tuliitengeneza kwa lugha ya Lisp muda wa majuma matatu, na kila jioni ilifanya kazi vizuri. Asubuhi ya siku ya wageni umeme ukakatika, ukarudi, nasi tukawasha kompyuta upya na kulipakia faili letu. Faili likaingia. Labda maonyo mawili matatu yalipita juu ya kioo, lakini nani asomaye maonyo wageni wakiwa mlangoni? Mzee mmoja akaomba aonyeshwe vitabu vya historia vikiwa vimepangwa kwa majina ya waandishi. Tukabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba haijui kanuni iitwayo panga-vitabu. Mzee yule akatabasamu kwa upole, akaenda zake kuwatazama wenzetu wa kemia waliokuwa wakibadili rangi ya maji.

Kanuni hiyo niliichapa mimi, katika juma la pili, nikaichapa moja kwa moja kwenye kioo, wala sikuiandika katika faili. Majuma yale kompyuta hatukuizima, kwa hiyo kanuni ilikaa katika kumbukumbu yake, kila mtu akaitumia, na hakuna aliyejua kwamba nyumba yetu imesimama juu ya nguzo isiyochimbiwa. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu walikula nami mbele ya wazazi wao.

Basi chama kilipokutana, wengi walikata shauri kwamba kuanzia muhula huu wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili wasiruhusiwe kuchapa amri moja moja na kungoja jibu. Waandike faili zima, walipakie, na mambo yaishe hapo. Mimi napinga, ijapokuwa najua mkosaji hana sauti kubwa barazani. Nadhani wenzangu wameiona dawa kabla ya kuijua ndwele. Maana hapa ziko kazi tatu, nao wanazichanganya kana kwamba ni moja: kusoma, kukokotoa na kupakia. Katika Lisp yenyewe zinaitwa read, eval na load.

Tuchukue mfano wa barua. Bibi hakujifunza kusoma, mjukuu anasomeshwa shule. Barua inafika kutoka mjini, nayo inasema, "Mwuzeni ng'ombe mwekundu." Mjukuu anaisoma. Je, ng'ombe ameuzwa? Hata kidogo. Maneno yamejulikana tu. Kumwuza ng'ombe ni kazi ya pili, na bibi aweza kukataa. Kompyuta nayo ikisoma maneno (+ 2 3) haijajumlisha kitu. Imechukua herufi, imetazama mabano, imetengeneza orodha ya vitu vitatu, yaani alama ya kujumlisha, mbili na tatu. Bado tano haijapatikana. Ndipo kazi ya pili inapoingia: kompyuta hutazama kitu cha kwanza katika orodha, hukijua kuwa ni kanuni, hutafuta thamani ya vile vinavyofuata, kisha huifuata kanuni. Sasa jibu ni tano. Na ukiitia orodha ile alama ndogo ya mkato mbele yake, '(+ 2 3), umeiambia kompyuta, "Hii ni barua, usiitende," nayo itakurudishia orodha yenyewe vilevile ilivyo. Wanafunzi wapya husumbuka sana na mkato huu. Mimi nilisumbuka mwezi mzima, na siku nilipouelewa ndipo nilipoipenda lugha hii.

Kupakia ni kazi ya tatu, nayo ni kama mfuko wa barua. Kompyuta haizisomi zote kwanza ndipo itende. Hufungua ya kwanza, huisoma, huitenda, kisha hufungua ya pili, na kuendelea hivyo mpaka mwisho wa faili. Utaratibu huu una maana kubwa. Barua ya kwanza ikisema kuwa leo fulani ni msimamizi wa shamba, barua ya pili yaweza kumtaja msimamizi na ikaeleweka. Na kama barua ya saba ina kosa, kompyuta hugoma hapo, lakini zile sita za kwanza zimekwisha kutendwa wala hazirudi nyuma. Mwanafunzi hudhani faili limekataliwa lote, kumbe nusu yake imo ndani. Wangapi katika chama wanayajua haya? Nimewauliza wanne. Mmoja tu alijibu sawasawa, tena kwa kusitasita.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi katika sheria mpya. Atakayepakia tu, siku zote, haoni kazi zile mbili zilizofichwa ndani ya kupakia. Anaona faili limekubaliwa au limekataliwa, basi. Anayechapa amri moja kwenye kioo huona kila hatua: nimeandika hivi, imesomwa hivi, jibu ni hili, tena niandike. Mzunguko huu wa kusoma, kukokotoa na kuandika jibu si mchezo wa watoto. Ni wa tangu zamani. Lugha ya Lisp ilianzishwa na John McCarthy katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1958, na makala yake mashuhuri ikachapishwa mwaka 1960. Katika makala ile aliandika kanuni ya kukokotoa kwa ajili ya hoja za hesabu tu, juu ya karatasi. Kijana wake wa kazi, Steve Russell, akaona kwamba kanuni ile yaweza kuandikwa kwa amri za mashine ya IBM 704, akaiandika. McCarthy alikuwa amemwambia kwamba anachanganya nadharia na vitendo! Russell hakusikia, na ikawa bahati njema.

Tena kuna L. Peter Deutsch, aliyezaliwa mwaka 1946. Alitengeneza Lisp ya mashine iitwayo PDP-1 angali kijana wa umri wa shule kama sisi, na taarifa ya mwaka 1964 juu ya kazi ile inautaja mzunguko huu wa kusoma, kukokotoa na kuandika. Sisemi kwamba katika kidato cha pili tunaye Deutsch mwingine. Nasema tu kwamba kijana wa namna hiyo hafundishwi kwa kufungiwa mlango.

Wala mzunguko huu si wa kujifunzia tu. Mwaka 1999 chombo cha NASA kiitwacho Deep Space 1 kilikuwa angani, mamilioni ya kilomita kutoka hapa, kikijaribu programu iliyoandikwa kwa Lisp. Programu ikakwama. Wahandisi duniani waliweza kuichungulia ingali ndani ya chombo, wakaligundua kosa. Kama wangekuwa na faili la kupakia tu wasiweze kuiuliza programu neno lolote, sijui wangefanyaje.

Sasa niseme haki ya upande wa pili, maana wana haki. Wanasema kwamba kuchapa kwenye kioo huacha mabaki katika kumbukumbu, na mabaki hudanganya. Ni kweli kabisa. Unafuta kanuni katika faili, unapakia tena, lakini kanuni ya zamani ingali hai kwa kuwa hakuna aliyeiondoa kumbukumbuni. Unabadili nambari iliyowekwa kwa neno defvar, unapakia tena, na nambari haibadiliki, kwa sababu neno hilo huweka thamani mara ya kwanza tu. Liko neno jingine, defparameter, ambalo huweka upya kila mara. Mwenzangu mmoja aligombana na kompyuta siku mbili kwa ajili ya hesabu ya vitabu 312 iliyokataa kuwa 315.

Lakini tazameni. Kosa hili la defvar halikutokana na kuchapa kwenye kioo. Lilitokana na kupakia, na kupakia tena, juu ya kumbukumbu ileile. Sheria mpya haiponyi ugonjwa huo hata kidogo. Kinachouponya ni kufunga Lisp kabisa, kuianzisha upya ikiwa tupu, na kulipakia faili humo. Kama tungefanya hivyo jioni moja tu katika juma la pili, kanuni yangu isiyoandikwa ingejulikana siku ileile, nami ningechekwa na watu sita badala ya kuchekwa na wazazi wote.

Na liko jambo zito zaidi, ambalo katika mkutano halikutajwa na mtu. Tangu sheria ipitishwe, wanafunzi wa kidato cha kwanza wamekuwa wakileta mafaili kwa flashi kutoka kwa ndugu na marafiki wa shule nyingine, wakiyapakia bila kuyafungua. Wamefundishwa kupakia, basi wanapakia. Nao ni kutenda barua zote zilizo mfukoni, pamoja na ile iwezayo kusema, "Chomeni ghala." Faili laweza kuamuru mafaili mengine yafutwe, na kompyuta itatii bila kuuliza aliyeandika ni nani.

Nilipomwambia mwenzangu haya alisema, "Si kitu, mimi nitayasoma kwa read tu, sitakokotoa." Jibu lake lilikuwa zuri, na laiti lingekuwa kweli. Katika Common Lisp ziko alama mbili, #., ambazo zikitokea ndani ya maandishi humwambia msomaji akokotoe kile kinachofuata hapo hapo, kabla hajamaliza kusoma. Ni barua isemayo, "Kabla hujafika mwisho wa mstari huu, mwuze ng'ombe." Mjukuu angali na karatasi mkononi, ng'ombe amekwisha kwenda mnadani. Kuna njia ya kulizuia: thamani ya *read-eval* ikiwekwa kuwa nil, msomaji atakataa alama hizo na kuripoti kosa. Lakini usipoiweka wewe, lugha yenyewe inaziruhusu.

Wanaosema kwamba hii ni dosari ya lugha za kizamani, na kwamba dawa yake ni kuiacha Lisp tujifunze Python tu, wasifurahi mapema. Katika Python ya 2 amri ya input, iliyodhaniwa kuwa ni ya kupokea maneno ya mtumiaji, ilikuwa ikiyakokotoa maneno yale! Ilibadilishwa katika Python ya 3, mwaka 2008. Na mpaka leo maelezo ya Python yenyewe yanaonya kwamba usifungue kwa pickle kitu cha mtu usiyemwamini, kwa maana kukisoma kwaweza kuwa kukitenda. Mpaka ulio kati ya kusoma na kutenda ni jambo la lugha zote. Ila katika Lisp waonekana wazi zaidi, na ndiyo maana nataka wadogo zetu waanzie hapo.

Kwa hiyo naomba haya. Kidato cha kwanza na cha pili warudishiwe ruhusa ya kuchapa na kungoja jibu. Kila jioni, kabla ya kengele ya chakula, Lisp ifungwe, ianzishwe upya, na faili lipakiwe na mtu ambaye hakuliandika, kisha kila kanuni ijaribiwe mara moja, maana kanuni inayokosekana haijulikani mpaka iitwe. Na faili la mgeni lisipakiwe kabla halijafunguliwa na kusomwa kwa macho ya mtu, mstari kwa mstari. Likiwa refu mno kusomeka, basi halina haja ya kupakiwa katika kompyuta tisa tulizo nazo.

Dada yetu katibu ameniambia kwamba nikitaka shauri lifikiriwe tena, lazima nipate saini za wanachama kumi. Ninazo saba. Kanuni ya panga-vitabu sasa imo katika faili, na jana nilimwomba mwanafunzi wa kidato cha kwanza afunge kila kitu na kupakia upya. Vitabu vya historia vilipangika. Mkutano ni Ijumaa saa kumi, katika chumba cha kompyuta, na wasio wanachama pia wanakaribishwa kusikiliza.

Ni mimi,
Mwanachama, Kidato cha Tatu