Tusitangaze bingwa mwezi Novemba

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu sisi mashabiki wa mpira wa kikapu, pamoja na baadhi ya waandishi wa michezo. Kila ligi ya kulipwa ya Marekani, NBA, inapoanza mwezi Oktoba, hukumu inatoka kabla msimu haujatimiza mwezi mmoja. Timu ikishinda michezo sita, huyo ndiye bingwa. Ikifungwa minne, kocha afukuzwe!

Nakiri kwamba nami nimo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na ndiye ninayefundisha watoto mchezo huu kwa pete ya nondo aliyotuchomea fundi wa hapa hapa. Msimu wa 2024/25 timu ya Cleveland Cavaliers ilianza kwa kushinda michezo 15 mfululizo. Wakati huo Indiana Pacers walikuwa wanachechemea, na mwezi Desemba walikuwa wameshinda 10 na kufungwa 15. Niliwaambia walimu wenzangu, tena mbele ya wanafunzi, kwamba Indiana hawana kitu.

Sasa tazama yaliyofuata. Cleveland walimaliza na ushindi mara 64 katika michezo 82. Mwezi Mei 2025 timu hizo mbili zikakutana katika mtoano, na Indiana wakawatoa Cleveland kwa michezo 4 kwa 1. Katika mchezo wa pili Cleveland walikuwa nyumbani kwao na waliwahi kuongoza kwa pointi 20. Ikiwa imebaki sekunde moja na kidogo, Tyrese Haliburton akarusha mpira wa pointi tatu, ukaingia, Indiana wakashinda 120 kwa 119. Hao hao wakaenda mpaka fainali, na ilibidi uchezwe mchezo wa saba ndipo Oklahoma City Thunder watwae ubingwa.

Nadhani kosa letu linatokana na mazoea ya kandanda. Ligi Kuu yetu ina timu 16, na kila moja hucheza michezo 30. Baada ya michezo 15 nusu ya ligi imekwisha, na mtu ana haki ya kusema. Kule michezo ni 82, kwa hiyo 15 haifiki hata sehemu moja ya tano. Ni sawa na michezo mitano au sita ya kwetu. Nani angekabidhi kombe baada ya michezo mitano? (Najua wapo mashabiki wa Simba na Yanga ambao hulikabidhi baada ya mmoja, lakini hao tuwaache.)

Isitoshe, msimamo wa ligi hausemi nani ni mgonjwa. Mchezaji wa Indiana, James Wiseman, alichanika kano ya kisigino katika mchezo wa kwanza kabisa. Siku chache baadaye Isaiah Jackson naye akaumia vivyo hivyo. Aaron Nesmith alikaa nje mpaka Januari. Wala msimamo hausemi nani amecheza nyumbani wiki nzima na nani amecheza siku mbili mfululizo katika miji miwili. Mwanzo mzuri nao hudanganya. Mwaka 2023 Detroit Pistons walishinda miwili kati ya mitatu ya kwanza, kisha wakafungwa michezo 28 mfululizo!

Wapo watakaosema kuwa Oklahoma walianza msimu ule wa 2024/25 kwa kushinda saba mfululizo na mwisho wakawa mabingwa. Sikatai. Lakini waliwashinda wenzao kwa wastani wa karibu pointi 13 kwa mchezo msimu mzima, na hiyo ni rekodi ya ligi. Tofauti ya pointi hueleza mengi kuliko idadi ya ushindi. Timu inayoponea kwa pointi mbili kila siku, ipo siku pointi hizo zitakwenda kwa jirani.

Pengine msomaji atauliza haya yanamhusu nini mwalimu wa kijijini. Yananihusu. Ile Novemba niliyowacheka Indiana, tulikuwa na msichana wa darasa la tano aliyeanza mazoezi wiki mbili tu, na kila alichorusha kilikosa. Nahodha akaniambia, "Mwalimu, huyu ni Indiana." Timu nzima ikacheka. Nami nilicheka. Kesho yake hakuja, na hakuja tena mpaka shule ilipofungwa. Ilinibidi niende kwao Januari kuzungumza na mama yake. Alirudi. Mpaka leo hurusha kwa mikono miwili na hukosa mara nyingi, ila hakuna anayemzidi kukimbilia mpira ulioruka kutoka kwenye pete. Jambo hilo nisingeliona katika wiki mbili.

Kwa hiyo naomba waandishi wetu, wanapochapa msimamo wa ligi ile mwezi Novemba, waongeze mambo matatu: michezo ya nyumbani na ya ugenini, tofauti ya pointi, na majina ya majeruhi. Utabiri wa bingwa ungoje walau Januari, michezo itakapokaribia nusu. Nafasi ya kuyachapa ipo, maana msimu ule niliokosea niliona ukurasa mzima umetumika kueleza kwa nini Cleveland hawafungiki.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Singida Vijijini.