Moto Husomwa Kabla ya Kuzimwa

Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Methali hii hutumiwa kuhimiza ushirikiano, lakini ndani yake mna fizikia iliyo sahihi kabisa. Ukuni mmoja ulioshika moto, ukitengwa peke yake, hupoteza joto pande zote, na baada ya muda mfupi hubaki ukitoa moshi tu. Kuni mbili zikielekezana, joto litokalo katika ukuni mmoja hupokewa na wa pili, na wa pili hurudisha lake kwa wa kwanza. Ndipo mwali ukaendelea. Aliyetunga methali hiyo hakuwa na kipimajoto, bali alikuwa ameutazama moto kwa makini akauelewa.

Utazamaji wa namna hiyo ndio msingi wa elimu ya uzimaji moto, na ndio unaopewa nafasi ndogo. Kuruta wa zimamoto aingiapo chuoni hutarajiwa kujifunza kukunjua mpira wa maji, kupanda ngazi, kubeba majeruhi na kutii amri upesi. Hayo yote ni ya lazima. Hata hivyo, mikono iliyozoea kazi bila akili kujua sababu yake hufaa kwa moto wa aina moja tu, ule uliotumiwa katika mazoezi. Moto ukibadilika, mazoea hayo yaweza kumwangamiza mwenyewe pamoja na wale aliokwenda kuwaokoa. Kwa kuwa kuruta hutoka katika shule za sekondari, msingi wa kazi yake haupaswi kungoja gwaride la chuoni. Wapaswa kuwekwa darasani.

Moto ni tendo la kikemia

Hadi karne ya 18 wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba kila kiunguacho hupoteza kitu fulani walichokiita flojistoni. Katika miaka ya 1770 Mfaransa Antoine Lavoisier alitumia mizani kuonyesha kinyume chake: kiunguacho huchukua kitu kutoka hewani. Kitu hicho akakiita oksijeni, nayo ni kiasi cha asilimia 21 ya hewa. Tangu hapo imeeleweka kwamba mwako wahitaji mambo matatu: kitu kiunguacho, oksijeni na joto la kutosha. Baadaye liliongezwa jambo la nne, nalo ni mfululizo wa matendo ya kikemia ndani ya mwali wenyewe, ambamo kila tendo huzaa chembe za kuanzisha tendo jingine.

Mwanafunzi aweza kukariri mambo hayo manne kwa dakika moja. Thamani yake huonekana atambuapo kwamba kila njia ya kuzima moto ni kuondoa mojawapo. Mpishi avutaye kuni kutoka mafigani huondoa kitu kiunguacho. Afunikaye sufuria iliyoshika moto kwa kifuniko hukata oksijeni. Amwagaye maji juu ya kuni huondoa joto. Unga mkavu utokao katika mtungi wa kuzimia moto, pamoja na kazi zake nyingine, hukatiza ule mfululizo ndani ya mwali. Jikoni mwa kila nyumba, basi, mna maabara ambayo mwalimu aweza kuitumia bila kununua chombo chochote.

Jaribio moja dogo lafaa kurudiwa katika kila darasa. Mshumaa uzimwe kwa kupulizwa, na mara hiyo kibiriti kinachowaka kikaribishwe kwenye uzi wa moshi mweupe unaopanda, bila kuugusa utambi. Mwali hushuka kupitia moshi ukauwasha mshumaa tena. Michael Faraday alilionyesha jambo hili London katika mihadhara yake juu ya mshumaa, iliyotolewa kwa vijana majira ya baridi ya mwaka 1860 kuingia 1861. Fundisho lake ni kubwa: kinachowaka katika mwali si nta yenyewe, bali mvuke wake. Na moshi ule mweupe ni nta ambayo haijaungua.

Mvuke wa petroli

Ajuaye hilo huelewa kwa nini petroli na mafuta ya taa ni vitu viwili vya hatari tofauti. Mafuta ya taa hutoa mvuke wa kutosha kuwaka yafikapo kiasi cha nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi. Petroli hutoa mvuke huo hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Katika nchi za joto, kwa hiyo, petroli iliyomwagika iko tayari kuwaka saa zote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujaza mitaro na mashimo, nao huweza kukutana na cheche mbali na pale petroli ilipomwagika. Ndiyo maana kuchanganya petroli kidogo katika mafuta ya koroboi ni kutengeneza bomu la mezani.

Mnamo Agosti 2019, mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, na watu wakakusanyika kuchota petroli. Moto ulipozuka, waliokufa walizidi 100. Ni rahisi kuwalaumu kwa tamaa. Yafaa pia kuuliza ni wangapi kati ya waliosimama pale waliwahi kufundishwa kwamba hatari iliwazunguka miguuni kabla ya mwali wowote kuonekana.

Hesabu ya lita moja ya maji

Maji husifiwa kwa kuzima moto, lakini wachache huuliza kwa kadiri gani. Lita moja ya maji yenye nyuzi 25, ili ichemke, huchukua kiasi cha kilojuli 315. Ili igeuke mvuke yote, huchukua kilojuli nyingine 2,260 hivi. Maana yake ni kwamba maji yaliyotiririka sakafuni bila kugeuka mvuke hayakufanya hata sehemu moja ya nane ya kazi yaliyoweza kufanya. Askari mwenye maji machache garini apaswa kuijua hesabu hii kama ajuavyo jina lake. Kwa sababu hiyo bomba lake lina kichwa cha kunyunyiza. Mchemraba wa maji wenye upande wa sentimita moja ukigawanywa katika michemraba ya milimita moja, eneo la nje huongezeka mara kumi, na joto huingia upesi zaidi.

Lakini elimu hiyohiyo huonya. Lita moja ya maji huzaa kiasi cha lita 1,700 za mvuke. Katika chumba kilichofungwa, mvuke huo husukuma hewa nje na kusaidia kuzima moto. Pia waweza kumchoma askari aliyemo. Katika karai la mafuta ya kukaangia yanayowaka, maji huzama, hugeuka mvuke ghafla, na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Juu ya petroli, maji hushuka chini na petroli ikaelea ikiendelea kuwaka. Hapo povu ndilo lifaalo. Penye nyaya zenye umeme, maji humrudishia mshikaji mkondo. Amri ya “mwagieni maji” yaweza kuwa uokoaji au maangamizi, na kinachotenganisha mawili hayo ni maarifa.

Moshi na mlango

Kosa lililo kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba moto huua kwa miali. Aghalabu moshi hutangulia. Mwako uliokosa hewa ya kutosha huzaa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni hewa hiyo hiyo iwauayo walalao na jiko la mkaa chumbani. Godoro la sponji liunguapo huongeza sumu nyingine, hidrojeni sianidi. Moshi wa moto hupanda, ukajaa kutoka darini kushuka chini. Kwa hiyo hewa inayofaa kuvutwa hubaki karibu na sakafu, na atokaye kwa kutambaa ana nafasi kuliko akimbiaye wima. Joto la chumba likifika nyuzi 500 hadi 600, vitu vyote vilivyomo huweza kushika moto kwa pamoja. Na chumba kilichokosa hewa, kikajaa moshi wa moto, ni kama ule uzi wa mshumaa: mlango ukifunguliwa ghafla, oksijeni huingia na moshi wenyewe hulipuka. Kuruta asiyeijua siri hiyo hufungua mlango kwa ushujaa, na ushujaa huo ukamuua.

Mambo haya yana makaburi yake. Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 walikufa katika moto wa bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Mwaka 2001 wavulana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na vyuma. Mwaka 2009 walikufa wasichana 12 huko Idodi, Iringa. Mwaka 2024 walikufa wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Katika mabweni, wale wanaoweza kufanya jambo lenye maana katika dakika za kwanza ni wanafunzi wenyewe, mlinzi na mlezi wa bweni. Gari la zimamoto, hata liwe jipya namna gani, hufika baadaye.

Pingamizi mbili

Wako wasemao kwamba muhtasari wa masomo umejaa. Hoja hiyo haina uzito. Muhtasari wa Kemia wa kidato cha kwanza uliotumika Tanzania kwa miaka mingi uliweka hewa, mwako, kutu na uzimaji moto katika mada moja. Nafasi ilikuwapo, kilichopungua ni namna ya kuitumia. Mada ikigeuzwa kuwa jedwali la rangi na aina za mitungi, likakaririwa kwa Kiingereza kwa ajili ya mtihani, humwacha mwanafunzi na alama nzuri na bila neno moja la kuwaambia wenziwe usiku bweni likijaa moshi.

Wako pia wahofiao kwamba, katika eneo ambalo baadhi ya mabweni yamechomwa na wanafunzi wenyewe, kuwafundisha vijana habari za moto ni kuwapa silaha. Hofu hiyo yastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu imetokana na msiba. Lakini kuwasha moto hakuhitaji elimu, kibiriti chatosha. Kinachohitaji elimu ni kujua jinsi godoro moja liwezavyo kujaza sumu katika bweni zima kabla wenzi hawajaamka. Kijana adhaniaye kwamba moto mdogo ni njia ya kutoa malalamiko, na kwamba watu watapata muda wa kutoka, ana ujinga wa kemia kabla ya kuwa na uovu. Kumnyima elimu hakumfanyi awe salama zaidi.

La kufanya

Elimu hii haidai fedha nyingi. Mwalimu wa Fizikia aweza kuwapa wanafunzi saa ya kupimia muda, wapime ni sekunde ngapi zahitajika bweni liwe tupu mchana na usiku, mlango mmoja ukiwa wazi, kisha miwili, halafu wachore jedwali na mchoro wake. Wapime pia nafasi kati ya vitanda. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa Kenya mwaka 2008 wataka milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda pawe na mita 1.2. Wanafunzi walinganishe vipimo vyao na hivyo, na waeleze sababu ya kila kimoja. Wataona wenyewe kwamba mlango ufungukao kwa ndani huzibwa na msukumo wa watu walewale wanaotaka kutoka.

Kisha matokeo hayo yapelekwe kwa mkuu wa shule, kama taarifa ya kisayansi, yakiwa na tarehe na tarakimu. Kwa sasa kufuli za mabweni hutetewa kwa sababu za nidhamu na wizi, nazo ni sababu za kweli. Lakini anayefunga bweni kwa nje huku watu wamelala ndani hufanya uamuzi juu ya joto, moshi na muda, ajue asijue. Afadhali aufanye akiwa na tarakimu mbele yake. Shule ikimlea mwanafunzi awezaye kumwekea mkuu wake tarakimu hizo mezani kwa adabu, itakuwa imempatia jeshi la zimamoto kuruta bora. Na hata asipovaa sare hiyo maishani mwake, bweni lake litakuwa na mlango wa pili, na ufunguo wake utajulikana ulipo.