Rimu za Urembo Eastlands: Nani Anayekagua Nati?

Pita Buruburu, Umoja au Kayole jioni uone matatu zilivyopambwa: michoro, taa, muziki mzito, na chini kabisa rimu zinazong'ara kama sinia za harusi. Vijana wa huko huziita nganya. Siku hizi hata magari madogo ya nyumbani yamefuata mkumbo. Urembo hauna ubaya. Swali ni nani anayehakikisha rimu hizo zimefungwa sawasawa.

Gari lililotumika linaloteremshwa hapa kwetu bandarini Mombasa hutakiwa liwe limekaguliwa kabla ya kupakiwa melini, na lisizidi umri wa miaka 8. Likishafika Nairobi, rimu hubadilishwa kando ya barabara, na kwa upande wa magurudumu ukaguzi ule huwa umekwisha kazi.

Mwaka 2025 Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ilileta rasimu ya kanuni zinazotaka magari yaliyopita miaka 4 tangu kuundwa yakaguliwe kila mwaka. Wengi walilalamikia gharama, na lalamiko lao lina uzito. Lakini hata tukilipa, ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hauwezi kuiona nati iliyofungwa vibaya wiki inayofuata.

Makosa yenyewe yanajulikana. Rimu nyingi za aluminiamu za Toyota zilizotoka kiwandani hutumia nati yenye shingo na washa bapa. Rimu nyingi za dukani hutaka nati yenye ncha ya pia. Ukizichanganya, nati hugusa sehemu ndogo tu ya rimu na hulegea hata kama fundi aliikaza kwa nguvu zake zote.

Kuna na meno ya nati. Toyota nyingi ndogo hutumia milimita 12 kwa 1.5, Subaru 12 kwa 1.25. Kwa macho ni pacha, lakini ukilazimisha unaharibu boliti. Tena tundu la katikati la rimu ya dukani mara nyingi ni pana kuliko kitovu cha gari. Bila pete ya kujaza pengo, usukani huweza kutetemeka kwenye mwendo.

Kufunga kwenyewe si siri. Nati ianze kwa vidole, zikazwe kwa kupishana kama nyota, gari lishushwe, kisha zimaliziwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni karibu Nm 103. Mashine ya upepo peke yake haipimi. Baada ya kilomita 80 hadi 100, zikazwe tena.

Tusimlaumu fundi wa jua kali peke yake. Mteja ana haraka, malipo ni madogo, na spana ya kipimo ni ghali kwake. Kaunti inayotoza ada ya leseni ingeweza kudai kila kibanda cha magurudumu kiwe na spana hiyo na mtu aliyefundishwa kuitumia. Vyama vya akiba vya matatu navyo vingeweza kuwanunulia mafundi wao.

Mwenye gari naye anaweza kuuliza: nati hizi ni za rimu hii? Gurudumu likichomoka halimfuati aliyelifunga. Laweza kumfuata mtoto anayetoka chuoni akitembea kando ya barabara. Tahadhari kabla ya hatari.