Mlinzi Naye Asifiwe

Katika viwanja vyetu vya Bukavu kila mtoto ataka kufunga mabao. Awekwaye nyuma hudhani ameadhibiwa. Tumfundishe hivi: asimrukie mwenye mpira kwa pupa, bali asimame kati yake na lango, ametanguliza ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, akiutazama mpira wala si miguu ya mwenziwe. Amcheleweshe na kumwelekeza pembeni, hata wenzake warudi kumsaidia.

Mwaka 1968, huko Addis Ababa, Kongo yetu ilitwaa Kombe la Afrika kwa kuishinda Ghana bao 1 kwa 0. Bao hilo moja lilitosha kwa sababu lango lililindwa hata mwisho. Basi, mtoto akizuia bao, apigiwe makofi sawa na mfungaji.