Mbuzi wa Mheshimiwa

Wacha niseme kitu ambacho wazee wa kwetu hawatapenda. Hii tabia ya kuchangisha kijiji kizima ili mheshimiwa apewe mbuzi siku ya kufungua kioski ya maji, iishe. Kutoka Mwingi mpaka Mtito Andei hafla ni ile ile: hema, spika, akina mama na leso za kufanana, halafu kiondo, asali, na mbuzi dume kwa kamba akingoja buti ya gari la kaunti ifunguliwe.

Jameni, tunamshukuru kwa nini? Kioski imejengwa na ushuru wetu. Yeye analipwa mshahara, na amekuja na mafuta ya serikali. Halafu mama anayenunua maji kwa mtungi ndiye anatoa mia ya mbuzi.

Ati ni mila, Mkamba haachi mgeni aende mikono mitupu. Sawa, lakini huyu ni mgeni wa nani? Sisi ndio tumemwajiri.

Mimi niliacha chuo na hata sikuwa nasomea sheria, lakini Katiba haiulizi digrii. Kifungu cha 76 kinasema zawadi anayopewa afisa wa serikali kwenye hafla ya umma ni ya Jamhuri. Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 ikaacha mlango mdogo, na kanuni za 2015 zikaupima: kitu kisicho pesa, kisichozidi shilingi 20,000. Najua kuna mtu atakimbilia hapo aseme mbuzi hafiki 20,000. Endelea kusoma basi. Sheria hiyo hiyo ilimkataza kupokea kutoka kwa mtu ambaye maslahi yake yanategemea kazi ya huyo afisa. Sasa niambie, kijiji kinachongoja bomba kina maslahi au hakina?

Hapo ndipo mimi huumia. Kijiji jirani kikitoa mbuzi, wazee wa kwetu wanakaa chini kuulizana sisi tutatoa nini ndio bwawa letu la mchanga likumbukwe. Susu yangu alitoa 200 aliyokuwa amewekea dawa ya presha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Tusipotoa watatusahau." Hiyo ndiyo mnaita shukrani?

Na msiniambie niende nipigane na makandarasi kwanza. Ya mkandarasi haitolewi kwa hema, iko kwa bahasha, na EACC wana Sheria ya Mgongano wa Maslahi tangu 2025, wafanye kazi yao. Lakini mtu aliyezoea kupokea mbuzi akipigiwa makofi, aibu ya bahasha ataitoa wapi?

Sheria ya 2012 ilitaka kila ofisi ya umma iwe na rejista ya zawadi. Yetu iko wapi? Nimehudhuria baraza nyingi na sijawahi kusikia ikitajwa. Makueni mnasifiwa nchi nzima kwa kushirikisha wananchi, haya, shirikisheni na hiyo. Ikibandikwa ukutani kila ofisi ya wadi, tutajua mbuzi wa Jamhuri walilala zizi la nani. Na wakichinjiwa watoto wa shule ya karibu, mimi mwenyewe nitakuja kushika kisu.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 kunijibu. Barua yangu inaenda Kitui Jumatatu. Watu wa Makueni, pelekeni yenu Wote.