Singida Haihitaji Kichujio Kabla ya Tope

Inapozoeleka kwamba kila mjadala wa majitaka mijini uishie kwenye mtambo gani ununuliwe, swali la msingi hupotea, na kwa Singida upotevu huo ungekuwa wa gharama kubwa. Kichujio cha kitambaa, yaani mtambo unaopitisha maji yaliyokwisha kutibiwa kwenye kitambaa chenye nyuzi nene kama za zulia ili chembe yabisi zinaswe, ni teknolojia nzuri iliyopendekezwa mahali pasipostahili.

Watetezi wake husema kwamba huhitaji eneo dogo, hujiosha chenyewe, na kwamba maziwa ya Singidani na Kindai, ambayo hayana mto unaotoka, yanastahili ulinzi. Hayo ni kweli, lakini hayaamui jambo.

Linaloamua ni kwamba kichujio hupokea maji yaliyoletwa na bomba, ilhali wakazi wengi wa Singida, kama wa miji mingi ya Tanzania, hutegemea vyoo vya shimo na makaro, ambamo kinyesi hukaa hadi gari la kunyonya majitaka lifike, kama litafika. Maji yanayofaa kichujio cha hatua ya mwisho huwa na makumi machache tu ya miligramu za chembe yabisi kwa lita. Majitaka ghafi ya bomba huwa na mamia. Tope la chooni mara nyingi huzidi 10,000. Hata Marekani, ambako baadhi ya vichujio hivi huwekwa mwanzoni mwa mchakato, hulishwa majitaka ya bomba, wala si tope la vyooni. Tena, kuchuja si kuangamiza: chembe zilizonaswa huoshwa na kuwa tope jipya, na mji usio na pa kulikausha tope la vyoo hautapata pa kulikausha la kichujio. Nitrati zilizoyeyuka, ambazo ni tishio kwa maji ya ardhini yanayonywewa na mji wa visima virefu, hupenya kitambaa bila kizuizi.

Kiwango cha taifa cha majitaka yanayomwagwa, TZS 860, kinaruhusu miligramu 100 za chembe yabisi kwa lita, kiasi ambacho mabwawa ya kutibu majitaka yanayotunzwa vizuri yanaweza kukifikia kwa jua na muda. Basi kumpa mkazi kitambaa cha bei kubwa huku choo chake kikifurika ni kumdhihaki. Fedha zitangulie kwenye magari, vitanda vya kukaushia tope na mabwawa. Atakayeanza na kichujio aeleze kwanza atachuja maji ya nani.