Kompyuta Haijawahi Kulala Kiwalani

Wadau, nina deni na leo nataka kulilipa. Miezi michache iliyopita niliandika gazetini habari ya teksi za angani, zile ndege ndogo za umeme zenye propela nyingi. Jamaa aliyekuja kuzinadi, pale hotelini, alituambia zitakuwa kimya na kwamba "kompyuta imeshathibitisha". Nikaandika hivyo hivyo. Mhariri akapitisha. Nikala chakula cha bure, nikarudi nyumbani Kiwalani. Usiku ndege ya pangaboi ikapita juu ya bati letu, na mtoto wa jirani akaamka analia. Ndipo nikajiuliza swali nililotakiwa kuuliza hotelini: kompyuta imelijuaje hilo?

Nimetumia wiki kadhaa kulitafutia jibu. Nililolikuta ni hili.

Kwanza niseme sina ugomvi na hesabu. Kelele ya propela ina kanuni zake. Mrusi Gutin alizichambua mwaka 1936, na mwaka 1969 Ffowcs Williams na Hawkings, kule Uingereza, wakatoa mlinganyo ambao wahandisi wanautumia hadi leo. Chukua Dash 8-400, ndege ambayo Watanzania tumeizoea tangu 2016. Propela yake ina mapanga sita, na wakati wa kuruka huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani mara 17 kwa sekunde. Sita mara 17 ni 102. Kila sekunde panga linapita mahali pale pale mara 102. Hiyo ndiyo ngurumo unayoisikia kifuani. Hapo hesabu haibahatishi.

Tatizo ni kelele nyingine, ule mvumo wa hewa inayovurugika kwenye kingo za panga. Kuuiga kwenye kompyuta kwa ukamilifu kunahitaji mashine kubwa na siku nyingi, kwa umbo moja tu la panga. Ndiyo maana sasa wanatumia kompyuta zinazojifunza: unazilisha mifano iliyopimwa, zinatafuta uhusiano, kisha zinakisia umbo jipya kwa sekunde chache. Ni jambo zuri. Lakini zimelishwa nini?

Jedwali maarufu kuliko yote katika kufundishia somo hili linatokana na vipimo ambavyo NASA ilivitoa mwaka 1989. Lipo mtandaoni bure, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kulipakua. Lina mistari 1,503. Umbo la bawa ni moja tu, linaitwa NACA 0012. Bawa hilo halizunguki. Limesimama kwenye chumba cha upepo, na upepo mkali kuliko wote ni mita 71 na ushei kwa sekunde.

Sasa rudi kwenye Dash 8. Propela yake ina kipenyo cha mita 4.1. Ikizunguka mara 17 kwa sekunde, ncha ya panga inakimbia mita 219 kwa sekunde. Mara tatu ya mwendo wa juu kabisa kwenye jedwali! Kompyuta iliyosoma jedwali hilo peke yake ni kama konda aliyezoea njia ya Kiwalani: mpeleke njia ya Mbagala, atataja vituo kwa kubahatisha, tena kwa sauti ya kujiamini.

Wahandisi makini wanalijua hili. Wanaongeza vipimo vyao na wanaandika mipaka ya makisio yao. Mipaka hiyo haifiki hotelini. Anayeuza anaiacha njiani, na mwandishi, yaani mimi, haulizi.

Kuna la pili. Desibeli ikipatikana sawasawa bado haijasema nani amekereka. Mwaka 2017 watafiti wa NASA walitoa matokeo ya jaribio ambalo watu walisikilizishwa kelele za droni na za magari. Droni ziliwakera zaidi hata pale kelele zilipokuwa na kiwango kimoja. Halafu kuna ujanja wa wastani: ndege moja ya saa nane usiku, ukiitandaza kwenye saa 24, inaonekana mpole kama paka. Shirika la Afya Duniani, kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza mwaka 2018 kelele za ndege usiku zisizidi wastani wa desibeli 40 nje ya nyumba. Ulaya! Huko dirisha lina vioo viwili na linafungwa. Langu lina wavu, na kwa joto hili nikilifunga nitapikwa.

Najua kuna atakayesema: hatuna hata ndege za kutosha, wewe unalilia usingizi? Ndugu yangu, nazitaka ndege. Rwanda droni zinapeleka damu hospitalini tangu 2016, na kwa mgonjwa anayeisubiri mlio ule ni habari njema. Ila kukubali kelele ukiwa umeelezwa ni jambo moja, na kuambiwa haipo ni jambo jingine. Hata NASA hawakuishia kwenye makisio. Mwaka 2021 walikwenda California, wakatandika maikrofoni zaidi ya 50 chini ya ndege ya umeme ya Joby na kuirekodi ikiruka. Kama wao wenye kompyuta zile wanapima, sisi nani katusamehe kupima?

Kwa hiyo, akija mwingine na grafu za rangi, tumuulize matatu. Kompyuta yako ilifunzwa kwa vipimo vya propela gani, na mwendo gani? Mwendo wa ndege unayotuuzia umo humo au uko nje? Na nani amepima chini yake, ndani ya nyumba ya bati, dirisha likiwa wazi? Vyuo vyetu vina wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta mada za utafiti. Mada hiyo hapo, juu ya paa.

Nimemwomba mhariri aniruhusu niandike habari ile upya. Amesema imeshapitwa na wakati. Labda. Jana usiku yule mtoto kaamka tena.